Toba Aliyosemewa Bertha

Bertha alikata roho siku ya Alhamisi, alfajiri, na Eliudi alipokwisha kumfumba macho hakulia. Alijifunga shuka kiunoni, akamwachia maiti jirani yake Praxeda, akaenda moja kwa moja kanisani na kusimama chini ya kengele.

Kanisa lilikuwa la bati, katikati ya kambi ya wakata mkonge, mwendo wa saa nzima kwa miguu ukishapita Nguvumali. Shamba lilikuwa la Mgiriki, kanisa la misheni, na kambi ilikuwa ya watu wa kila kabila waliokuja kutafuta kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Desturi ya pale ilijulikana hata kwa Waislamu: Mkristo akifa, kengele hupigwa pigo moja kwa kila mwaka aliouishi, polepole, na watu walioko mashambani husimamisha visu wakahesabu. Hesabu ikikoma huwa wameshajua ni nani aliyekwenda. Bertha alikuwa na miaka thelathini na minne.

Mpiga kengele, mzee mmoja mwenye chongo, akaja akijikokota.

"Pole, Eliudi. Nimesikia."

"Kama umesikia, mbona hujapiga?"

"Kamba siishiki mpaka Mzee Asheri aniambie. Nawe unajua kwa nini."

"Mtu amekufa, babu."

"Amekufa nje, mjukuu wangu," akasema yule mzee, na kwa haki ya Mungu alisema kwa huruma. "Aliyekufa nje hapigiwi."

Nje, maana yake nje ya kundi. Bertha alikuwa ametengwa na kanisa miaka mitatu, na aliyetengwa akifa kabla ya kurudishwa hana kengele, hana kwaya, wala hana nafasi ndani ya ua wa makaburi. Huzikwa upande wa pili wa miti ya minyaa, kwenye mistari ya mkonge, pamoja na wageni wasiojulikana jina. Watu wake humfukia, wakakung'uta mikono, wakarudi nyumbani kimya. Na jua la mwezi wa pili pale Tanga halimngoji mtu afanye mashauri. Mpaka saa tisa alasiri Bertha alipaswa awe ardhini. Eliudi alikuwa na hiyo kutwa moja tu ya kumtafutia mkewe wimbo.

Kabla ya kuondoka alimsimamisha dereva wa lori la katani aliyekuwa akielekea bandarini. "Pita Ngamiani, barabara ya kumi," akamwambia. "Mwulizie Semeni, mke wa Idarusi. Mwambie mwenzake amekwenda, tunamzika saa tisa."

Ili mtu aelewe kwa nini mwanamume mzima atapatape hivi kwa ajili ya wimbo, lazima amjue Bertha.

Alizaliwa milimani, Usambara, binti wa mpishi wa misheni. Alikuwa akisuuza sahani akiimba, Bibi wa misheni akashuka ngazi kuja kuona ni nani. Yule Bibi alikuwa mtu mkavu, asiyesifu kitu, lakini tangu siku ile alimshika Bertha kama fundi anavyoshika mbao nzuri. Alimlaza sakafuni, akamwekea jiwe la kusagia tumboni, akamwambia alinyanyue kwa pumzi na kulishusha kwa pumzi, mara mia, kabla hajafungua mdomo. Miaka minne Bertha aliinua jiwe. Aliposimama kuimba Krismasi akiwa na miaka kumi na sita, watu walitazama juu ya paa kutafuta sauti inakotokea.

Haikuwa sauti ya kelele. Ilipanda bila kusukumwa, na pale waimbaji wengine walipokunja uso wakinyanyua vidole vya miguu, yeye ndipo alipotulia. Eliudi alimwoa, wakashuka pwani, yeye akaingia korona, kwenye ile mashine inayochuna majani ya mkonge, Bertha akaingia kwaya. Tangu hapo kwaya ya kambi ikawa kwaya. Kila Krismasi watu walikuja kwa baiskeli kutoka Ngamiani, Waislamu watupu, wakajipanga madirishani na tambuu zao mashavuni.

"Mmekuja kusali leo?" watu wa kambi waliwatania.

"Kusali tumesali kwetu. Tumekuja kumsikia Zuwarde."

Ndilo jina walilompa, Zuwarde, yule ndege mdogo anayefugwa kwa ajili ya sauti yake. Aliimba mbele ya Bwana DC siku ya sherehe ya kutawazwa Malkia, uwanja mzima ukanyamaza, hata wauza karanga. Picha yake ilitoka gazetini. Na mwaka ule ule Mgiriki alipata mgeni, mwanamume mnene aliyekuwa akifundisha waimbaji wa majumba makubwa ya Ulaya, kule kwenye michezo ambayo watu hawasemi, huimba tu toka mwanzo hadi mwisho, hata wanapouana. Yule mgeni alimpigia Bertha piano juma zima, akamfundisha wimbo wa Kitaliano ambao Bertha hakujua neno lake hata moja. Siku alipouimba pale barazani mke wa Mgiriki aliingia ndani akafunga mlango apate kulia. Mgeni akasema sauti hii ingejaza nyumba ya watu elfu mbili pasipo chombo cha kuikuza. Akaandika barua. Bertha angesomeshwa huko miaka miwili, kila kitu kimelipwa. Kilichotakiwa ni karatasi moja tu ya kanisa, yenye muhuri, kusema huyu ni mtu wa mwenendo mwema.

Muhuri alikuwa nao Mzee Asheri. Asheri alikuwa karani mkuu wa shamba na mkuu wa wazee wa kanisa, mchungaji akija mara moja kwa mwezi, kwa hiyo siku ishirini na tisa Mungu wa kambi ile alikuwa na miwani na kalamu mfukoni. Aliiweka barua ndani ya kabati. Akasema mke wa mtu kwenda kuimba kwenye nyumba za michezo si jambo la kupigiwa muhuri kwa haraka. Haraka haikuwepo kweli, maana barua ilikaa humo mpaka meli ikaondoka.

Eliudi hakumsamehe. Kila alipokunywa togwa na wenzake aliwasimulia jinsi wakubwa walivyomfungia mkewe kabatini. Ila kuna siku Bertha alimwuliza, "Na wewe, baba, ungeniachia niende?" Eliudi alichukua jembe akaenda bustanini.

Mwaka uliofuata ndipo palipotokea jambo la Semeni. Bertha na Semeni walijuana hospitalini, vitanda ubavu kwa ubavu, kila mmoja amepoteza mimba. Semeni alikuwa na binti tayari na baadaye alijaliwa wengine, Bertha hakujaliwa, lakini urafiki haukukatika. Semeni akamwoza bintiye wa kwanza. Siku ya harusi mwimbaji wa wanawake akapatwa na homa, ua umejaa wageni, bibi harusi ameshatolewa ndani. Semeni akamgeukia rafiki yake. "Mwenzangu, nifiche aibu." Bertha aliusikiliza ule wimbo mara mbili, akaushika, akausimamia. Wanawake wakasahau sahani za biriani mapajani. Wakamtunza, wakamfunika kanga begani moja juu ya nyingine mpaka akaonekana kama duka.

Kesho yake Ngamiani nzima ilikuwa na habari hiyo, na keshokutwa Asheri alikuwa nayo. Nyimbo za dunia, kwenye ngoma, katika nyumba ya wasioamini, tena akatunzwa. Bertha akaitwa mbele ya wazee. Akaambiwa atubu mbele ya watu asamehewe.

"Nitubu nini?" Bertha akauliza. "Niliimba."

Wakamtenga. Kanisani alikaa benchi la nyuma, lile la waliotengwa, pamoja na mlevi mmoja na msichana aliyezaa nyumbani. Nyimbo za watu wote aliruhusiwa kuziimba kama mtu mwingine, lakini Jumapili ya kwanza alipofungua mdomo kanisa zima liligeuka nyuma, na Asheri akamwambia siku nyingine aimbe chini chini. Alijibu kwamba chini chini hajafundishwa. Akanyamaza. Jumapili zaidi ya mia na hamsini alikaa pale mikono mapajani, mdomo umefungwa, na Eliudi ubavuni mwake akijisikia kama mtu aliyekaa karibu na kisima kilichofunikwa kwa bati.

Kisha ikaja homa ya mkojo mweusi. Siku ya sita, Jumatatu, Asheri alikuja na kitabu cha usharika kwapani, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda.

"Neno moja tu, binti yangu," akasema. "Sema neno moja nikurudishe."

"Wimbo ule ulikuwa mzuri, mzee," akasema Bertha, akageukia ukutani. Baada ya hapo homa ikamfunga ulimi. Hakusema tena la maana mpaka alipokata roho.

Ndiyo maana Eliudi alipofika kwa Asheri saa mbili asubuhi alijua anakwenda kugonga jiwe. Alimkuta barazani, miwani puani, akiandika majina ya wagonjwa wa siku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na msiba, Eliudi. Kaa."

"Sikai. Nimekuja kuomba kengele na kwaya."

"Kengele si yangu." Asheri akavua miwani. "Ningekuwa nayo ningekupa."

"Wewe ndiye unayefunga na kufungua hapa, mzee. Kwaya ile ni Bertha aliyeijenga. Leo wote wanaoimba walifundishwa na yeye jinsi ya kuvuta pumzi. Wamfukie kama paka?"

"Mwanangu Yona alikunywa na kupigana mpaka tukamtenga," akasema Asheri. "Alipouawa kule Pongwe, nilimzika nje ya ua. Nilichimba kwa mikono hii. Ulikuwepo, ulinishikia kamba ya jeneza. Ulisikia kengele?"

Eliudi aliikumbuka ile kamba. Ni kweli alikuwepo, na ni kweli mzee alichimba peke yake akikataa kusaidiwa, koti amelivaa.

"Leo nikimpigia mkeo, niende nikamwambie nini Yona?" Akairudisha miwani puani, kisha sauti ikashuka. "Niambie jambo moja. Baada ya siku ile niliyokuja, alisema neno? Hata neno dogo. Kwa anayekufa Mungu hahitaji hotuba. Mashahidi wawili tu, ninaandika, yamekwisha."

"Homa ilimfunga," akasema Eliudi.

"Basi na toba imefungwa," akasema Asheri, na alionekana kama mtu aliyetaka kusikia jibu jingine.

Eliudi akaenda bohari ya brashi, ambako katani husuguliwa na kufungwa. Mwalimu wa kwaya, Zebedayo, alikuwa akipima marobota. Alipomwona Eliudi aliweka chini chaki yake.

"Nisikilize," Eliudi akaanza. "Siombi kanisa. Waje watu wanane tu, wasimame nje ya ua, waimbe wimbo mmoja. Nje hakuna mwenye sheria."

"Eliudi, ndugu yangu. Nikiimbia aliyetengwa, Jumapili nami niko benchi la nyuma. Nina watoto sita katika shule ya misheni."

"Yeye alikufundisha kusoma noti."

"Alinifundisha. Sikatai."

"Alikuwa akikushika tumbo akikuambia pumzi inatoka huku, si puani."

"Sikatai, nimekwambia." Zebedayo alitazama mlangoni, kisha akasogea karibu. Alinuka mafuta ya mashine. "Mimi jana jioni nilikuja kumwona. Sivyo?"

"Ulikuja. Ukasimama mlangoni, hukuingia."

"Lakini nilikuwepo. Wewe ulikuwepo. Hao ni wawili."

Eliudi alichelewa kuelewa. Alipoelewa alishika nguzo ya bohari.

"Unataka nimsemee uongo maiti."

"Mimi sitaki kitu," akasema Zebedayo, akaokota chaki yake. "Mwenye kutaka kengele ni wewe. Ila ukienda kwa mzee, ukasema nilikuwepo, sitakukana."

Alirudi kwanza nyumbani. Praxeda alikuwa ameshamwosha Bertha, amemvika gauni lake la kwaya, lile jeupe lenye kola ya buluu ambalo hakulivaa miaka mitatu.

"Nimefanya vibaya?" Praxeda akauliza. "Nimelikuta chini ya sanduku. Limekunjwa vizuri, na majani ya mrehani ndani."

Eliudi alilitazama lile gauni. Mtu hafungii nguo mrehani kama hatarajii kuivaa tena. Saa tano zilikuwa zimekaribia na mwili ulikuwa umeshaanza kubadilika. Alitoka bila kuaga.

"Alisema," akamwambia Asheri, amesimama jua kali utosini. "Jana jioni. Zebedayo alikuwepo."

Asheri alivua miwani akamtazama. Kama alijua, basi alijua. Uso wake haukusema. Aliingia ndani akatoka na kitabu, akaandika, kalamu ikikwaruza, kisha akasoma kwa sauti yake ya kanisani:

"Mimi Bertha, mke wa Eliudi, nakiri kwamba nilijitia unajisi kwa kuimba nyimbo za dunia katika nyumba ya Semeni wa Ngamiani, pamoja na wanawake wasiomjua Mungu. Wimbo ule ulikuwa dhambi na aibu kwangu. Naomba kurudishwa."

"Hakusema yote hayo," akasema Eliudi. "Alisema tu... aliomba msamaha."

"Toba isiyotaja dhambi ni kikohozi. Ndivyo alivyokiri, au sivyo? Kama sivyo, nafuta."

Mwalimu wa darasa la pili alimfundisha Eliudi kuandika jina lake, na hakuwahi kufundishwa kitu kingine cha kalamu. Alilichora jina hilo chini ya yale maneno, herufi moja moja, ulimi ukiwa kati ya meno.

"Ndivyo," akasema.

Kengele ikapigwa. Alikuwa njiani ilipoanza, akasimama. Kule kwenye mkonge visu vilisimama. Aliyahesabu mapigo yote, midomo ikimtikisika, na pigo la thelathini na nne lilipozima alihisi, Mungu amsamehe, furaha. Amewashinda. Amewatoa kamba mikononi.

Alitembea hatua kumi hivi na furaha yake. Ndipo akalikumbuka lile lori.

Toba ya aliyerudishwa husomwa kaburini, mbele ya watu wote, ndipo kwaya ifungue mdomo. Eliudi aliijua desturi hiyo tangu utoto. Amesikia zikisomwa nyingi, za ulevi na za uzinzi, akiwa amesimama na kofia mkononi. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetuma kumwita Semeni.

Walikuja saa nane na nusu, wanawake saba wa Ngamiani, ndani ya buibui, kwenye gari la kukodi lililotimua vumbi mpaka mlangoni. Semeni alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya sokoni, lakini siku hiyo sauti hakuwa nayo. Alimshika Eliudi mikono yote miwili.

"Shemeji. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, wajua. Lakini huyu nitamfuata. Mume wangu kanipa ruhusa, na kama asingenipa ningekuja vilevile."

"Semeni," akasema Eliudi, "jua ni kali. Kaeni hapa na akina Praxeda. Makaburini hakuna kivuli."

"Kivuli cha nini? Nimemletea marashi."

"Nawaombeni mkae."

"Shemeji, una nini wewe? Msiba umekuvuruga. Twende."

Aliwaacha, akakimbia mbele ya jeneza, mwanamume wa miaka arubaini na tano, akamkuta Asheri langoni pa ua wa makaburi na kitabu chake.

"Mzee, nakuomba. Usiitaje nyumba. Soma dhambi, nyumba uiache. Yule mwanamke amekuja."

Asheri aliwatazama wale wenye buibui wakipanda kilima kidogo. Kitu fulani kilimpita usoni.

"Nikiacha neno moja leo, kesho nitaachishwa ukurasa," akasema. "Kisichosomwa hakikutubiwa, Eliudi. Niseme hakutubu? Sema wewe. Kaburi la nje halijafukiwa bado, lipo wazi, vijana walilichimba asubuhi."

Jeneza likafika. Wabebaji wakasimama katikati ya lango, hawajui waelekee wapi, jasho likiwatiririka. Kwaya ilikuwa imejipanga ndani, Zebedayo mbele yao na uma wake wa chuma wa kutafutia sauti.

"Ndani," akasema Eliudi.

Wakamteremsha ndani. Asheri akafungua kitabu akasoma, polepole, kwa sauti iliyofika mpaka kwa watu wa mwisho. Alisoma unajisi. Alisoma nyumba ya Semeni wa Ngamiani. Alisoma wanawake wasiomjua Mungu. Miongoni mwa wale saba mmoja aliguna kifuani, mwingine akamshika mkono. Alipofika kwenye dhambi na aibu, Semeni alikuwa ameshatoka mahali pake, anakuja kati ya watu, wanampisha.

"Samahani, mzee wangu," akamwambia Asheri kwa adabu. "Sikuja kuharibu mazishi ya watu. Nauliza neno moja kwa huyu shemeji yangu, kisha naondoka." Akamgeukia Eliudi. "Alisema hivyo?"

Zebedayo aliinamia viatu vyake. Wanakwaya walikuwa wameshavuta pumzi, ile pumzi ya tumboni waliyofundishwa, wamesimama nayo, hawajui waitoe au waishike. Asheri alikuwa ameshika kitabu kikiwa wazi, kidole kwenye mstari, na yeye pia akimtazama Eliudi, anangoja. Neno moja tu lingetosha. Hapana. Kisha wangemnyanyua Bertha kutoka pale, wapite naye langoni mbele ya watu wote, wampeleke kwenye mkonge.

"Alisema," akasema Eliudi.

Semeni alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeafiki bei asiyoipenda.

"Jumapili nilikuwa naye," akasema. "Wewe ulikwenda kuteka maji. Alinishika mkono, akaniimbia ule wimbo wa mwanangu, kwa puani, maana kifua kilikuwa hakimwitikii. Alipofika pale pa juu akashindwa, akacheka. Akaniambia, Semeni, nikipona nitakuja nikuimbie mjukuu." Akalivuta buibui lake kichwani. "Lakini Jumapili hadi Jumatano ni siku nyingi. Mtu hubadilika. Mungu amrehemu."

Ile chupa ya marashi aliiweka juu ya udongo uliochimbuliwa, karibu na miguu ya Eliudi, kwa uangalifu isianguke. Kisha akawaita wenzake kwa kichwa. Walitoka langoni mmoja mmoja, wakashuka kilima, na hawakugeuka.

Eliudi aliwatazama wakipungua. Ndani yake alikuwa akiwatukana wakubwa wote aliowajua, Asheri na muhuri wake, mchungaji wa mara moja kwa mwezi, Mgiriki, Bwana DC aliyepiga makofi siku moja akasahau siku ya pili. Alikuwa na majina mengi na aliyataja yote. Lakini kila alipomaliza kuyataja lilibaki moja, lile alilolichora asubuhi kwa ulimi kati ya meno.

Zebedayo akagonga uma wake kwenye kitabu, akauweka sikioni, akawapa sauti. Aliwapa sauti ya chini kuliko ilivyopaswa, kwa sababu mwimbaji wa kwanza wa sasa, binti wa fundi seremala, asingefika juu. Wakaimba. Waliimba vizuri tu, kama kwaya yoyote. Udongo ukaanza kuanguka.

Baada ya ubeti wa pili Zebedayo aliwanyamazisha kwa kiganja, akamsogelea Eliudi. Jua lilikuwa limewachoma watu na wengine walishaanza kulitafuta lango kwa macho.

"Ndugu yangu," akamnong'oneza, "tuishie hapa? Au unataka beti zote?"

"Ziko ngapi?"

"Sita."

"Zote," akasema Eliudi. "Imbeni zote."